Fundi wa Matairi na Fisi Wake

Kwa miaka mitatu mizima niliamini kwamba fundi wa matairi wa mtaa wetu wa Ngokolo alifuga fisi chumbani mwake, na kwamba fisi huyo hakuwa na kazi nyingine duniani ila kulamba matairi mapya ya baiskeli za mbio. Siyo kwamba nilisikia nikacheka. Niliamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Ulimi wa fisi, tuliambiana, ni mkali kuliko msasa. Ukipita mara saba juu ya tairi, utelezi wote wa kiwandani unatoka, na tairi linashika lami kama kupe. Tena mimi nilikwenda mbali kuliko wenzangu. Nilimpelekea mifupa.

Mtu asiseme ni kwa kukosa shule. Wakati huo nilikuwa nimeshahitimu masomo ya jioni, nina cheti kwenye fremu kubwa kuliko dirisha la chumba changu. Fundi mwenyewe aliniita Msomi, wakati mwingine kwa heshima, mara nyingi kwa dhihaka. Mchana nilibeba abiria kwa baiskeli kati ya soko na stendi, na msimu wa mashindano ulipofika nikawa mwanariadha. Niliwahi kumaliza wa saba kwenye barabara ya Tinde, katika waendeshaji wanane. Yule wa nane aligongana na mbuzi.

Sasa kazi yenyewe, maana bila hiyo huwezi kumjua mtu yule. Tairi jipya la mbio halifai kukimbiliwa siku lilipotoka dukani. Lina utelezi, kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi, na lina vinywele vidogo vya mpira vilivyosimama kila mahali. Ukilifunga asubuhi na kuingia mashindanoni mchana, kona ya kwanza tu unabusu ardhi. Mimi nimeibusu. Kovu la goti langu lina ukubwa wa ramani ya mkoa.

Kwa fundi, tairi lilikaa wiki tatu. Kwanza alilitundika kwenye msumari chumbani kwake, gizani, siku tano bila kuligusa. “Liache lisahau duka,” alisema. Kisha aliliosha kwa maji ya uvuguvugu na majivu, akilisugua kwa gunzi la hindi. Brashi hakuitaka; alidai brashi inauchokoza mpira. Vinywele alivinyoa kwa wembe, kimoja kimoja, ameinama kama anayemtoa mtoto miiba mguuni. Halafu alilivalisha ringi ya zamani isiyo na kazi nyingine, akalijaza upepo kidogo leo, kidogo kesho, mpaka likakaa sawasawa pande zote. Alilipitishia kipande cha tofali la kuchoma, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ule mng’ao ukageuka vumbi jeusi vidoleni mwake. Mwisho lilifungwa kwenye baiskeli, gunia la mchanga likapakiwa kwenye keria, na mwenye tairi akaamriwa kuikokota kwa miguu kuizunguka nyumba mara mia moja. Siku moja nilizunguka mara mia na kumi na nne ili kumfurahisha. Alikasirika kana kwamba nimemwibia.

“Nimesema mia.”

“Nimeongeza, fundi, likolee.”

“Ugali ukishaiva ukaendelea kuusonga, unakolea?”

Ndivyo alivyokuwa. Mpira aliushika kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa mkunga, lakini binadamu aliwajibu kama anawarudishia kitu kibovu walichomuuzia. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake ilitoka baada ya muda mrefu, fupi, kama amekwenda kuitafuta ndani akaikuta moja tu imebaki. Asubuhi wazee wa Kisukuma walipopita na mwangaluka zao ndefu, za kuuliza ng’ombe, mvua na wajukuu, yeye aliinua gunzi juu kuwaonyesha kwamba mikono ina kazi.

Alikuwa na tabia ya kuling’ata tairi. Kabla hajakubali kulipokea alilikunja, akaling’ata ubavuni, akafumba macho. Mara moja nilimsindikiza dukani kuchagua, akaanza kung’ata mbele ya mwenye duka. La kwanza akalirudisha. La pili akalirudisha. Lilipofika la tano, mwenye duka alipiga kelele: “Mzee, hapa hatuuzi mkate!” Fundi akatema mate mlangoni, akaniambia nichukue la tatu. Mwaka ule tairi hilo la tatu lilinivusha kokoto, mchanga na mvua bila kuteleza hata unywele, na kama nisingekuwa na miguu ya kuku ningeshinda.

Jambo lililotushangaza wote ni kwamba hakwenda kwenye mashindano. Kamwe. Siku ya mbio mji mzima ulisimama kando ya barabara, wanawake na vigelegele, wazee na viti vyao, na nusu ya matairi yaliyopita pale yalikuwa yamepita mikononi mwake. Yeye alibaki barazani kwake, penye kivuli cha mabati, anasugua la mtu mwingine. Ukimletea habari kwamba aliyeshinda alipanda juu ya tairi lake, aliuliza jambo moja tu: “Kona ya mtoni, lilishika?” Ukisema lilishika, aliitikia kwa kichwa, na hapo ndipo furaha yake yote ilipoanzia na kuishia.

Nilimuuliza kwa nini haendi. Akasema, “Kule ni mbali.” Ni mwendo wa robo saa, tena tambarare. Nikamwambia nitambeba kwenye baiskeli yangu, bure kabisa. Akaniangalia. “Na vumbi la watu wote hao, Msomi, nitaliweka wapi?” Nilicheka sana. Nilidhani ni mzaha.

Kuhusu maisha yake ya nyuma tulijua kidogo: kwamba alikuja kwetu kutoka upande wa Geita, alikofanya kazi miaka mingi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu kuwa unga, kwamba mke wake alifariki huko, na kwamba ana binti aliyeolewa Kharumwa. Dhahabu hatukuona hata punje. Tulisema kila tajiri wa Geita ana jumba, na huyu wetu akaja na fisi.

Maana sauti tuliisikia. Hilo silitii chumvi. Kila alfajiri, kabla adhana haijaisha na kabla kengele ya kanisani haijaanza, kutoka kwenye chumba kile ilitoka sauti nzito ya chini, ikakwaruza, ikarudia, kisha ikapanda juu kwa mvuto mrefu, huuu-wiii, kama ile inayosikika porini wakati wa kiangazi. Aliyekulia kijijini haihitaji kufafanuliwa. Bibi yangu alipokuja kututembelea, aliisikia mara moja akakaa kitandani wima. “Mbiti,” alisema. Hilo ndilo jina la fisi kwa Kisukuma. Bibi alifunga mzigo wake kabla ya uji.

Tena mchana, katikati ya maongezi, fundi aliweza kunyanyuka ghafla, akaingia ndani, akajifungia. Ungesubiri dakika kumi, hata robo saa. Akirudi, macho yamelowa, jasho limemtoka kwenye paji la uso, na haongei tena siku hiyo. Tulikonyezana. Amekwenda kumlisha.

Na yeye hakukanusha! Hapo ndipo kichwa changu kilichohitimu kilipopata ushahidi wa mwisho. Waendeshaji wa Kahama walipokuja na matairi yao, mmoja akamuuliza waziwazi, “Mzee, ni kweli una fisi?” Fundi hakuinua macho. “Kwani ungependa alilambe mara ngapi?” Basi! Wale watu waliacha matairi sita siku hiyo, na msimu uliofuata walileta kumi na mbili. Mimi nilieneza habari mpaka machimboni. Kila abiria niliyempakia alishuka akiwa na fisi kichwani. Nilimwongezea fisi yule uzito, nikamwongezea miaka, nikampa pete ya shaba sikioni. Niseme ukweli: nilikuwa najisikia mtu mkubwa, kuwa rafiki wa mtu mwenye fisi.

Mifupa nilimpelekea siku moja baada ya harusi ya jirani, kwenye ndoo, mifupa ya ng’ombe iliyobaki na nyama nyama zake. “Ya nini hii?” aliuliza. Nikamkonyeza. “Ya mgeni wako wa ndani.” Akaangalia ndoo, akaniangalia mimi, akaipokea. Alisema wabeja, ahsante ya Kisukuma, neno ambalo sikuwahi kumsikia akilitoa. Kesho yake ndoo ilikuwa imeoshwa, imepinduliwa juu ya ukuta wangu, mfupa hata mmoja haupo. Nikasema, loo, anatafuna kila kitu.

Halafu mbuzi wakapotea. Wawili, wa mama mmoja mjane aliyeishi nyuma ya nyumba ya fundi, na hao ndio waliokuwa mali yake yote. Mama yule alilia mtaani tangu asubuhi hadi mchana, na kufika saa kumi watu walikuwa wamejaa kwa mwenyekiti wa mtaa. Sungusungu, yaani walinzi wa jadi, walikuwepo na fimbo zao. Fundi aliitwa, akaja polepole, akisimama mara mbili njiani akishika ukuta. Tulisema anaogopa.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa busara, sina la kumlaumu. Alisema: “Mzee, hapa hakuna kesi ya uchawi, uchawi hatuuhukumu. Tunauliza jambo moja. Kama unafuga mnyama wa porini ndani ya mji, utahama mtaa huu. Kama hufugi, utarudi kwenye kazi yako, na yeyote atakayekusumbua atanijibu mimi. Unafuga?”

Fundi alitutazama sote, waendeshaji tuliokuwa tumesimama mstari wa mbele, mmoja baada ya mwingine, kama anayehesabu. “Nendeni mkaangalie,” akasema.

Wakaenda. Mimi nilichungulia nyuma yao. Ndani hapakuwa na fisi. Kulikuwa na kitanda cha kamba, beseni lenye majivu, na matairi, matairi kila msumari, kuta zote nne, meusi na kimya, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Changu kilikuwa juu ya kitanda chake. Kwenye mto kulikuwa na gunia lililokunjwa, lenye unyevu.

Ungedhani jambo limeisha. Lakini mtu anayetafuta fisi, asipomkuta, anasema amefichwa. Kelele zikaanza upya. Mwenyekiti akauliza: “Kuna mtu aliyewahi kumwona mnyama huyo kwa macho?” Watu wakatazamana. “Au kuna mwenye ushahidi wowote?”

Na mimi, Msomi, mwenye cheti, nikainua mkono.

Nilieleza habari ya mifupa. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa jioni: ndoo ilijaa, asubuhi ndoo haina kitu, mtu mmoja hawezi kutafuna mifupa ya ng’ombe. Sikuwa na nia mbaya. Nakumbuka hata nilitabasamu, nikidhani nampandisha chati. Nilipomaliza, mama wa mbuzi alipiga yowe, na fundi aliinamisha kichwa, akakiacha huko chini.

Alipewa wiki moja ahame, “kwa usalama wako, mzee,” na mwenyekiti alilisema hilo bila kumtazama usoni. Mbuzi walionekana siku ya nne, wakila mabua upande wa pili wa reli. Hakuna aliyeitisha mkutano wa pili.

Katika siku zile zilizobaki alizunguka nyumba kwa nyumba akirudisha matairi ya watu. Baadhi walipokea kwa kijiti. Alipofika kwangu nilikuwa ndani. Nilimwona kupitia tundu la mlango, nikakaa kimya. Akabisha mara tatu. Kisha akaongea na mlango, kwa vipande vifupi, akipumua katikati.

“Msomi. La nyuma halijaiva. Limebaki siku nne. Tofali bado upande mmoja. Usilikimbilie hivi.”

Akaliegemeza ukutani. Niliposikia nyayo zimekwisha nilitoka, nikaliinua kwa fimbo, nikalitupa kwenye shimo la taka. Tairi zuri kupita yote niliyowahi kuwa nayo. Mashindano yaliyofuata nilikimbilia la dukani, likiwa na vinywele vyake vyote, na kona ya mtoni ilinipokea kwa mikono miwili. Baada ya hapo niliacha mbio. Ninauza nguo za mitumba, nazunguka magulio, na huko ndiko baiskeli yangu ilikoishia.

Kwa hiyo nilikuwa Kharumwa siku ya gulio, mwaka jana, turubai limetandazwa, napigia debe suruali. Mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya mkabala nami alinikazia macho asubuhi nzima. Mwishoni akaja.

“Wewe ni wa Ngokolo. Ulikuwa unapanda baiskeli.”

“Nilikuwa bingwa, dada.”

“Baba alisema ulikuwa wa saba.”

Ndivyo nilivyomfahamu binti wa fundi, Mama Kulwa; yeye alikuwa ameniona siku aliyokuja kumchukua baba yake. Hakunikaripia. Alisema baba yake yupo, hatoki, na kama nina muda nikamsalimie, maana watu wa Ngokolo hawaji. Nilifunga turubai. Njiani nilisimulia visa vitatu vya kuchekesha, alisikiliza kimoja.

Fundi alikuwa ameketi kitandani, ameegemezwa kwa magunia mawili ya pumba. Alikuwa amepungua mpaka shati lilikaa juu yake kama limetundikwa. Magotini alikuwa na tairi jipya la mbio, la kijana fulani wa Geita, na mkononi gunzi. Alisugua mara tatu, akapumzika. Mara tatu, akapumzika.

“Shikamoo, fundi.”

Nilisubiri marahaba kwa muda mrefu kuliko zamani. Ilikuja. Kisha akasema, “Lile la nyuma. Uliliacha siku nne?”

Ningeweza kusema kweli. Nimesema uongo mwingi wa kufurahisha maishani, lakini ule ndio wa pekee niliousema taratibu.

“Niliacha tano, fundi.”

“Na kona ya mtoni?”

“Lilishika.”

Akaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama nimeshapata mke, nikasema wananigombania bado, na ukingo wa mdomo wake ukasogea kidogo. Alitaka kuongeza neno. Ndipo ilipoanza: nzito, ya chini, ikakwaruza, ikarudia, gunzi likaanguka, akavuta gunia usoni kwa mikono yote miwili, na sauti ikapanda kwa mvuto ule mrefu, huuu-wiii.

Mtu mzima mimi, nilisimama wima. Nilitazama nyuma ya mlango. Nilipiga magoti, Mungu anisamehe, nikainama kutazama chini ya kitanda. Kulikuwa na beseni la majivu na viatu vyake.

Mama Kulwa alikuwa amemshika baba yake mgongoni, akimpapasa, mpaka sauti ikapungua, ikawa mluzi mwembamba, ikaisha. Akamlaza. Akanitazama pale chini nilipokuwa.

“Unatafuta nini, kaka?”

Nilinyanyuka, nikajipangusa magoti. Alijua.

“Ni kifua chake,” alisema. “Ni vumbi la mawe aliyoyasaga Geita, limejaa ndani. Alikohoa hivi hivi huko kwenu, kila alfajiri. Ile mifupa yako alichemsha supu siku tatu, alikuwa hana nguvu ya kusonga ugali. Iliyobaki akaifukia. Angewaambia nini? Angesema anaumwa kifua, mngedhani ni kifua kikuu, na hakuna mtu angemwachia tairi alale nalo chumbani. Mwenye fisi mlimletea matairi. Hapakuwa na fisi, kaka. Baba alikuwa mgonjwa.”